Alfa Spider kwenye hewa ya chumvi: mwongozo kamili wa kuchagua, kununua na kutunza gari la Kiitaliano la paa la turubai mjini Mombasa

Fundi wangu alipolala chali chini ya lile gari jekundu nililokuwa nimelinunua miezi mitatu kabla, injini hakuigusa. Alipeleka kidole gumba kwenye kizingiti, yaani lile bati la chini ya mlango unaloliruka ukiingia garini, akabonyeza. Kidole kikazama. Akachukua bisibisi, akachokoa kidogo, likadondoka bonge la filla, ule uji mgumu wa kuzibia bati, lenye unene wa mkate wa mofa, na nyuma yake gazeti lililokunjwakunjwa, limelowa chapachapa. "Mwanangu," akasema kutoka mvunguni, "hapa umeuziwa rangi."

Ulikuwa mwezi wa Mei, masika yamekolea. Gari lile nililinunua Februari, kaskazi inavuma, jua linawaka, bodi inameremeta. Nilisikiliza injini, nikazunguka nalo Nyali mara mbili, nikatoa pesa. Hasara ile ilinichukua miaka kuimaliza. Leo nina Alfa Romeo Spider nyingine, ya mwaka 1973, na huu ni mwaka wa kumi na mbili iko mikononi mwangu. Nawaandikia wanaolitamani gari la namna hii katika mji huu ili wasilie nilipolia mimi. Nitakayoyasema ni mengi, lakini yote yanarudi palepale: Mombasa kinachoua gari la Kiitaliano ni maji na chumvi, kwa hiyo unachonunua ni bati. Injini hutengenezwa.

Hatua ya kwanza: chagua gari ambalo nchi italipokea

Tunaendesha kushoto, na sheria ya Kenya inataka gari linalosajiliwa liwe na usukani wa kulia, isipokuwa magari ya kazi maalumu. Sharti hilo peke yake linafyeka nusu ya orodha. Fiat 124 Sport Spider, iliyotoka mwaka 1966 na kuendelea hadi 1985, ni gari zuri, na injini yake, kazi ya mhandisi Aurelio Lampredi, ni imara. Lakini kiwanda hakikuunda hata moja la usukani wa kulia. Ukiliona la kulia, ujue lilibadilishwa gereji baadaye. Wako walioifanya kazi hiyo kwa ustadi, na wako waliounga fimbo ya usukani kwa kuichomelea. Sitampeleka mtu ninayempenda barabara ya Malindi na fimbo ya kuchomelea. Fiat X1/9 ya Bertone iliuzwa ya usukani wa kulia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ila paa lake ni kipande kigumu cha kubandua, na injini iko nyuma ya viti, joto lake utalihisi mgongoni saa saba mchana. Ferrari na Maserati siziingizi humu. Huko matunzo peke yake yanataka mfuko wa aina nyingine.

Inabaki Alfa Romeo Spider, na kwangu mimi ndiyo ya kutafuta. Ilionyeshwa mara ya kwanza Geneva mwezi wa Machi 1966, umbo lake likiwa limechorwa na kampuni ya Pininfarina. Waitaliano waliipa jina la utani "osso di seppia", mfupa wa ngisi, kwa jinsi ilivyoviringana mbele na nyuma. Sisi wa pwani mfupa huo twaujua tangu utoto, tunauokota ufuoni baada ya maji kupwa, mweupe na mwepesi. Ukilitazama gari lile kwa ubavu utaona jina halikukosea.

Za mwanzo zilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1570, kisha ikaja 1750, pamoja na ndogo ya 1300 iliyoitwa Junior. Mwaka 1970 mkia wa mviringo ulikatwa ukawa bapa, na buti likapata nafasi zaidi. Mwaka 1971 injini ikafika 2000. Mtindo uliofuata ulianza 1983, ukiwa na raba nyeusi nyuma, na wa mwisho ulianza 1990 ukakoma mapema miaka hiyo ya 1990. Kiwanda kiliacha kuunda za usukani wa kulia mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo za 1983 na kuendelea zenye usukani wa kulia nazo zimebadilishwa baadaye.

Ushauri wangu ni 1750 au 2000 ya mkia bapa, ya kabureta, iliyotoka kiwandani na usukani wa kulia. Ya mkia wa mviringo ni nzuri kuliko zote kwa macho, lakini wakusanyaji wa dunia nzima wanaigombania, na ukigongwa nyuma na tuktuk pale Mwembe Tayari, bati la kuziba hutalipata kwa siku mbili tatu.

Hatua ya pili: tafuta lililokwisha kuwa nchini

Wengi huanza kwa kufungua tovuti za Uingereza na Japani. Acha. Kanuni za shirika la viwango, KEBS, haziruhusu gari kuukuu lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza kuingia nchini. Alfa ya mwaka 1973 imeupita mpaka huo kwa miongo. Wakala akikwambia ana njia yake bandarini, muage kwa heshima uende zako, kwa sababu gari likizuiliwa Kilindini ni lako wewe, si lake, na ada za kulihifadhi hazilali.

Magari haya yapo nchini. Malindi imekuwa na Waitaliano kwa zaidi ya miaka 50. Roketi zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco pale Ghuba ya Ngwana kuanzia 1967, wahandisi wakaja na familia zao, wakafuatwa na wenye hoteli na wastaafu. Uliza kwa wafanyakazi wa majumba, walinzi na mafundi wa Malindi na Watamu, wao ndio wanaojua kilichofunikwa nyuma ya nyumba. Nairobi nako, klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo ndiyo inayoandaa maonyesho ya magari, Concours d'Elegance, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Nenda mwaka mmoja bila nia ya kununua. Zungumza na watu, uliza nani anazeeka na hawezi tena kukaa chini kiasi kile.

Na hapa nina imani yangu ambayo sitaiacha: kama bei inakaribiana, chukua gari lililoishi Nairobi, Nakuru au Nanyuki kuliko lililoishi Nyali. Hewa ya bara ni kavu. Gari lililolala miaka 20 mita mia mbili kutoka baharini limekula chumvi usiku na mchana, hata kama halikutoka nje ya gereji.

Hatua ya tatu: karatasi kabla ya mapenzi

Omba rekodi ya gari NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, kupitia tovuti ya eCitizen kwa namba ya usajili. Linganisha jina la mwenye gari, namba ya chesisi na ya injini. Kwenye Spider ya miaka ile namba ya chesisi imegongwa kwenye bati linalotenga injini na abiria. Fungua boneti, lifute kwa kitambaa, lisome mwenyewe na ulipige picha. Alama za grainda kuzunguka namba ni sababu ya kuondoka.

Jambo linalowakwaza watu hapa pwani zaidi ni mirathi. Mengi ya magari haya yalikuwa ya wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Mtoto mmoja anakuuzia, nawe hujui kuna dada zake wanne na mama mdogo Lamu. Ikiwa logbuku bado ina jina la marehemu, taka kuona hati ya usimamizi wa mirathi, na kwa familia nyingi za Kiislamu shauri hilo hupita Mahakama ya Kadhi. Usilipe hata shilingi ya kushikia gari kabla ya hati kuwepo. Kukimbilia ni kujitafutia kesi na watu ambao baadaye utakutana nao msikitini na sokoni.

Hatua ya nne: mtaka cha mvunguni

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mie hutumia saa mbili nzima, na huzitumia kabla ya injini kuwashwa. Nenda asubuhi, na ikiwezekana nenda siku iliyofuata mvua. Chukua tochi, sumaku ya friji iliyofungwa kwenye kitambaa, bisibisi butu, mkeka wa kulalia, na fundi wa bodi. Fundi wa injini mwache nyumbani kwa leo.

Anza na vizingiti. Gari la kawaida lina paa la kulisaidia lisipinde. Hili halina, na nguvu zote zinabebwa na sakafu na vizingiti viwili. Kwenye Alfa kila kizingiti kina matabaka matatu ya bati: la nje, la kati na la ndani. Muuzaji mjanja hubandika la nje jipya juu ya yale mawili yaliyooza, na ukiligonga linalia vizuri. Ndiyo maana huwezi kuamini mlio. Pitisha sumaku taratibu kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Pale inapolegea pana filla. Kisha ingia mvunguni utazame upande wa ndani, bati linapokutana na sakafu. Pindo la kiwandani lina vidoa vya kuchomelea vilivyopangwa kwa nafasi sawa, kama mshono wa kofia. Ukiona mstari wa kuchomelea uliovimba na kupakwa lami nyeusi nzito, uliza lami ile inaficha nini.

Baada ya hapo fanya jaribio hili, na muuzaji akikataa, shukuru uondoke. Fungua mlango na uufunge, usikie unavyoingia. Kisha weka jeki mahali pake chini ya kizingiti, unyanyue gurudumu lipate kuachana na ardhi kidogo. Fungua na funga tena. Bodi nzima haisikii chochote, mlango unaingia vilevile. Bodi iliyooza inapinda: nafasi ya juu ya mlango inabana, kitasa kinagoma, pengine mlango haufungi kabisa. Lile gari langu jekundu, jeki yenyewe iliingia ndani ya bati kama kijiko kwenye wali.

Endelea. Inua mazulia yote na uguse sakafu kwa kiganja, usiitazame tu. Unyevu chini ya zulia mwezi wa Agosti unamaanisha maji yanaingia na hayatoki. Angalia chini ya betri, nyuma ya taa za mbele, sehemu za chini za madigadi ya mbele, pembe za chini za milango, upinde wa magurudumu ya nyuma, na kitanda cha gurudumu la akiba ndani ya buti. Kama ni Fiat 124, kuna pahali pengine pa kutazama kwa makini: minara ya bati inayoshika shoku za mbele, na lile boriti la chini la mbele, ambalo hupata nyufa.

Mwishoni tafuta mifereji ya maji. Gari la turubai limeundwa likijua kwamba maji yataingia, hivyo likapewa njia za kuyatoa: pembeni nyuma ya viti, turubai linapolala, na chini ya kioo cha mbele panapoingia hewa. Mombasa mifereji hiyo huzibwa na kitu kimoja, majani ya mwarobaini. Vijani vile vidogo hupenya kila tundu, huoza, hugeuka tope jeusi, na maji yakikosa njia hukaa ndani ya bodi miezi. Mimina kikombe cha maji juu uangalie yanapotokea chini. Yasipotokea, gari hilo limekuwa likioza kutoka ndani kwa muda usiojulikana.

Kutu ya juujuu isikutishe. Vidoa kwenye boneti, bampa lililopauka, rangi iliyobabuka, hayo ni mambo ya fundi na wiki mbili. Mie ningechukua gari lenye rangi mbaya na vizingiti vizima kuliko linalong'aa ambalo mwenyewe hataki ulale chini yake.

Hatua ya tano: injini, gia na barabara

Injini ya Alfa ni ya aluminiamu juu na chini, na silinda zake za chuma zinaguswa na maji moja kwa moja. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye gari ni: rejeta umekuwa ukitia maji gani? Akisema ya kisima, moyo wangu hushuka. Visima vingi vya kisiwani na vya Nyali vina chumvi, na maji ya chumvi hutafuna aluminiamu polepole hadi yapate njia kwenye gasketi ya hedi, yaani kile kizibo kati ya kichwa cha injini na bloku, ambayo hata bila chumvi ndiyo udhaifu unaojulikana wa injini hii.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha oili. Ute mzito wa rangi ya maziwa ya chai chini ya kifuniko ni maji yaliyochanganyika na oili. Fungua rejeta: macho ya mafuta yanayoelea juu ya maji ni oili iliyovuka upande wa pili. Kimoja kati ya hivyo si lazima kikufukuze, lakini bei lazima ishuke kwa gharama ya kufungua hedi na kuisawazisha.

Iwashe. Mlio wa mnyororo wa taimingi unaosikika sekunde mbili kisha ukatulia ni wa kawaida. Moshi wa buluu unapoachia mafuta kwenye mteremko ni vali. Iache ipate joto na ukae nayo kwenye foleni, maana Mombasa foleni ndiyo mtihani wenyewe: tazama mshale wa joto ukiwa umesimama Makupa saa kumi na moja jioni. Mshale ukipanda bila kusimama, rejeta imeziba au feni haifanyi kazi.

Gia ni tano, na ya pili ndiyo inayosema ukweli. Gari likiwa bado halijapata joto, shuka kutoka ya tatu kwenda ya pili kwa mkono wa kawaida. Ikikwaruza, sinkronaizi, ile pete inayolainisha gia kuingia, imeisha. Magari mengi yako hivyo na watu huishi nayo kwa kuwa na subira, ila giaboksi kufunguliwa ni kazi ya gharama, kwa hiyo iingize kwenye mazungumzo. Mtetemo unaopanda na mwendo ni raba ya propela shafti. Breki ni za diski magurudumu yote manne. Gari likivuta upande mmoja, pistoni za kalipa zimeshikwa na kutu, jambo la kawaida kwa gari lililokaa sana.

Fiat ya injini ya Lampredi ina mkanda wa taimingi badala ya mnyororo. Asiyekuonyesha risiti ya lini mkanda ulibadilishwa, mhesabie kuwa haukubadilishwa, na usiliendeshe gari mbali.

Hatua ya sita: bei na bima

Theluthi ya pesa zako ibaki mfukoni kwa mwaka wa kwanza. Kama una milioni moja na nusu, tafuta gari la milioni moja. Sijaona mtu aliyejuta kwa kufuata hesabu hiyo, na nimeona magari mawili mazuri yakirudi kuuzwa kwa sababu mwenyewe alimaliza zote siku ya kununua.

Kampuni za bima hupenda kulihesabu gari la miaka 50 kama chuma chakavu. Lifanyie tathmini kwa mthamini anayekubalika na kampuni, peleka picha na risiti, na sisitiza kwamba thamani mliyokubaliana iandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Ahadi ya mdomo ya wakala haitakusaidia siku ya ajali.

Hatua ya saba: fundi kwanza, spea baadaye

Unahitaji mafundi watatu: wa injini anayejua kabureta za Weber, wa bodi, na wa turubai. Wa injini mtafute miongoni mwa wazee na miongoni mwa waliofanya kazi na timu za mbio za magari. Mbio za Safari Classic, zilizoanzishwa 2003 kukumbuka miaka 50 ya mbio za kwanza za magari za Safari, zimeifanya pwani yetu kuwa na vijana walioshika spana kwenye magari ya kale. Fundi anayetaka kuchomeka kompyuta kabla ya kufungua boneti ni fundi mzuri wa magari mengine.

Wa turubai sikumpata kwenye gereji za magari. Nilimpata kwa wanaoshona turubai za tuktuk na mashua. Mkono wao ni wa chuma. Ila mpelekee kitambaa sahihi na uzi wa poliesta usiooza juani, kwa sababu uzi wa pamba utamaliza mwaka mmoja tu. Mwambie asitupe turubai kuukuu kabla hajalifumua na kulitumia kama ruwaza.

Spea za Alfa za miaka ile zinapatikana kuliko watu wanavyodhani. Maduka maalumu yako Uingereza, Ujerumani na Italia kwenyewe, na karibu kila kipande cha injini bado kinatengenezwa. Kusanya orodha, agiza kwa mkupuo, na kumbuka ushuru, VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine zitaongezeka juu ya usafiri. Vingine usiagize. Bearingi zina namba zilizogongwa ubavuni. Andika namba uende nayo dukani mjini. Plagi za NGK BP6ES zinaifaa injini hii na ziko kila mahali. Magurudumu ya inchi 14 hupokea tairi za 185/70, ambazo ni za kawaida. Ila usikubali kuuziwa tairi ngumu za gari la mizigo kwa sababu kipenyo kinalingana, utateleza kwenye mvua ya kwanza.

Hatua ya nane: kuishi nalo

Maji ya kuoshea yawe maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya mfereji au ya mvua. Nimesema habari ya visima kwa ajili ya rejeta, na kwa bodi ni vilevile: ukiosha gari kwa maji ya kisima cha chumvi unalipaka kile unachotaka kukiondoa. Kijana anayekuja kuosha magari mtaani mpe ndoo yako na maji yako, na umweleze sababu, ataelewa. Nyunyiza hadi chini ya gari na ndani ya pinde za magurudumu. Rejeta itie maji yaliyochemshwa na kuvukizwa yauzwayo kwa ajili ya betri, pamoja na dawa ya rejeta inayofaa aluminiamu, na uimwage yote kila baada ya miaka miwili.

Kila mwaka, mwezi wa Februari hewa ikiwa kavu kidogo, lipeleke kwa fundi apulize nta ndani ya vizingiti, ndani ya milango na kwenye boriti za chini kupitia matundu ya kiwandani. Nta huganda ndani na kuzuia hewa ya chumvi isiguse bati. Ni kazi ya nusu siku, na katika yote niliyoyafanya kwa gari langu hakuna iliyolisaidia zaidi.

Usilifunike kwa nailoni. Joto la mchana linavuta unyevu kutoka ardhini, nailoni inauzuia, na asubuhi gari limetoka jasho kama mtu mwenye homa. Kitambaa cha pamba chini ya kibanda kilicho wazi pande mbili kinatosha. Turubai usilikunje likiwa limelowa, litaota ukungu, na kile kioo laini cha plastiki cha nyuma kikunje juu ya taulo.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu inao mwingi. Bara watu hubadilisha kila miaka miwili. Hapa badilisha kila mwaka. Oili ya 20W-50 inaifaa joto letu. Injini inameza zaidi ya lita sita, nayo inataka kupata joto kwanza, kwa hiyo dakika kumi za mwanzo usipandishe mzunguko zaidi ya 3000. Tangi la petroli liache limejaa linapolala, ili unyevu usipate nafasi ya kugeuka maji ndani.

Barabarani adui ni matuta. Sampu ya oili ya Alfa, lile bakuli la chini ya injini, ni ya aluminiamu, ina mapezi ya kupozea, na iko chini sana. Tuta refu la Mtwapa likiipata, oili yote iko chini kabla hujajua. Fundi yeyote mzuri wa kuchomelea atakuundia kinga ya bati la chuma. Iagize wiki ya kwanza. Matuta yavuke kwa mshazari, gurudumu moja moja. Likoni nako, angalia bahari kabla hujapanga foleni. Maji yakiwa yamejaa, daraja la feri linalala karibu sawa na gati. Yakipwa, mteremko unakuwa mkali na ekzosi itakwaruza chuma. Kwa safari ya Diani, siku hizi mie hupita Dongo Kundu, na rushamaji ya feri nimeiepuka pia.

Liendeshe kila wiki. Baada ya sala ya alfajiri siku ya Jumapili, barabara ya Mama Ngina bado haina watu isipokuwa wavuvi na wachache wanaokimbia, upepo unatoka baharini ukiwa baridi, na injini ile ya kemu mbili juu inasikika hadi Fort Jesus. Nusu saa hiyo inazungusha oili, inakausha ekzosi, inazuia klachi na breki zisigande. Ukirudi, pitisha kitambaa chenye maji baridi kwenye bodi yote, maana ulikuwa kando ya bahari, na uache milango wazi robo saa.

Jumamosi ya mwisho ya Machi, kabla mvua ya kwanza, mie hutoa viti, nikapitisha waya mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki kwenye kila mfereji, nikachomoa majani ya mwarobaini yaliyokusanyika mwaka mzima. Kisha namimina kikombe cha maji juu, nainama na tochi. Yakitiririka chini meupe, naliingiza kibandani, nasubiri masika.